T ni ya Télé

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa kuamini kwamba herufi T iliyochorwa kwenye kifuniko cha fyuzi ina maana ya télé, yaani televisheni. Niliamini hivyo kwa miezi kumi na moja. Aliyenifundisha ni mtu ambaye mtaa mzima wa Buyenzi ulimwita Fundi, kana kwamba hapakuwa na mafundi wengine, ingawa katika barabara yetu peke yake ungekutana na kumi na wawili kabla ya kufika msikitini.

Fyuzi ninayoisema ni ile ndogo ya kioo, yenye uzi mwembamba ndani na vifuniko viwili vya chuma kwenye ncha. Kwenye kifuniko huchorwa namba inayoonyesha kiasi cha umeme inachoweza kupitisha, na mbele ya namba huwa kuna herufi. "F ni ya FM," Fundi aliniambia siku yangu ya pili, akiinua moja juu ili mwanga upenye. "Unaweka mu radio. T ni ya télé. Usichanganye, mutoto wangu, utachoma bintu ya watu." Alisema kwa utulivu wa mtu anayekuonyesha choo kiko upande gani. Nikaandika kwenye daftari. Ninaandika kila kitu kwenye daftari, kisha ninanakili kwenye daftari jingine safi, kwa sababu nikijua kuna mstari uliofutwa mahali silali vizuri.

Ajabu ni kwamba kanuni yake ilifanya kazi. Herufi zile hazihusiani na redio wala televisheni. F ni fyuzi inayokatika haraka. T ni ile inayovumilia kidogo kabla ya kukatika. Lakini televisheni za zamani, zile zenye kisogo kikubwa, hunywa umeme mwingi kwa ghafla zinapowashwa, kwa hiyo watengenezaji waliziwekea fyuzi zenye uvumilivu. Fundi alikuwa amefungua redio na televisheni kwa zaidi ya miaka thelathini, akaona F huku na T kule, akajitungia sababu. Hakuna kilichoungua, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza.

Kisha kikaja kisanduku chenye kioo.

Kilitoka katika zahanati moja ya Kanyosha, kikaletwa na muuguzi mwenyewe, mama mfupi mwenye sauti ya chini. Kazi ya kisanduku ilikuwa kukaa juu ya friji ya chanjo, kupima baridi, kuonyesha namba kwenye kioo chake, na kupiga kengele joto likipanda. Kilitumia umeme kidogo sana, kama miliampea thelathini. Taa ya kawaida ya tochi hutumia zaidi. Fyuzi yake ilikuwa imekatika na maandishi yamefutika. Fundi alikuwa anakunywa chai. Nikamuuliza niweke ipi.

"Iko na kioo?"

"Iko na kioo kidogo, Fundi."

"Bon. Kama iko na kioo, ni télé. Weka T."

Nikaweka T. Siku nne baadaye umeme ulikatika Kanyosha, ukarudi kwa kishindo, waya wa kipimajoto uliokuwa umechubuka ukagusana na mwenzake, na saketi ya ndani ikaungua yote. Fyuzi yangu ilibaki nzima, inang'aa. Umeme ulipokatika tena usiku, friji ilipata joto na kengele haikulia. Chanjo za friji nzima zikatupwa.

Baadaye nilijua kwamba hata F isingekiokoa. Katika kifaa kinachokula umeme kidogo namna ile, vitu vya ndani hufa kabla uzi wa fyuzi haujapata joto. Fyuzi huzuia nyumba isiungue, haizuii saketi isife. Ninalisema hili kwa sababu nataka kuwa mkweli, si kwa sababu linanipunguzia chochote.

Muuguzi alirudi na kisanduku ndani ya mfuko wa plastiki. Hakupiga kelele. "Bamama walitembea toka mu milima na batoto mugongoni," alisema. "Niliwaambia murudi wiki ijayo. Muzee, nani aliweka hii kintu?"

Fundi alivua miwani, akaifuta. "Mama, ni uyu mutoto. Anajifunza. Utusamehe."

Nilisubiri aongeze neno. Hakuongeza. Muuguzi akaniangalia usoni kwa muda, namna unavyomwangalia mtu ili umkumbuke. Mbele yetu, upande wa pili wa barabara, alikaa mtengenezaji wa simu ambaye masikio yake yalifanya kazi kuliko mikono. Kabla ya adhuhuri nilikuwa na jina jipya, herufi ile kwa matamshi ya Kifaransa.

"Monsieur Té," aliniita, "leo tunachoma nini? Mi niko na friji nyumbani, lakini naogopa kukuonyesha."

Jina lile lilidumu. Wateja walioleta redio walimwambia Fundi, "Afanye yeyote, lakini si Té." Walicheka, na Fundi akacheka nao kidogo, kwa adabu.

Nisimchore kama mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kwangu, na isingekuwa kweli. Fundi ndiye mtu pekee aliyenikubali nilipomfuata nikiwa sina cheti, sina shule ya ufundi, nina video za kwenye simu na madaftari mawili tu. Mafundi wengine waliniuliza nimesoma wapi. Yeye aliniuliza nimekula nini. Kila mchana mke wake alituletea ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye sahani moja, na Fundi alisukuma ndagala upande wangu kwa ncha ya kidole akijifanya anatafuta chumvi.

Alitengeneza vipaza sauti vya msikiti bila malipo, na vya kanisa la walokole la mtaa wa jirani vilevile. Rafiki zake wa swala walipomtania, alijibu kwamba hajawahi kuona spika ikisilimu. Azana ya adhuhuri ilipoanza aliacha kazi hapo hapo ilipofikia, hata kama chuma cha kulehemu kilikuwa mkononi; alinikabidhi mpini ungali moto, nami nilisimama nao nikiogopa kugusa kitu hadi arudi na maji yakimchuruzika kwenye viwiko.

Kabla ya kupima chochote alinusa. "Sikia kwanza," aliniambia, akiinamisha pua juu ya saketi. Aliweza kutofautisha transista iliyoungua na rezista iliyoungua kwa harufu tu. Nilidhani anajigamba, nikamtega mara tatu nikiwa nimeficha vipande chini ya kitambaa. Alipata zote tatu. Ya tatu aliongeza, "Na hii uliichoma kwa makusudi, leo asubuhi." Niliona aibu, lakini nilifurahi pia, na hadi sasa na mimi ninanusa kabla ya kupima.

Jambo ambalo hakuweza kulifanya ni kusema "sijui". Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Kitu kisichoeleweka alikiita "Chine", yaani cha Kichina. Saketi yenye tabia ngeni ilikuwa Chine, hata kama imeandikwa jina la nchi nyingine mgongoni. Aliwagombeza vikali wateja waliofunga fyuzi iliyokatika kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Alisema wanawalaza watoto wao juu ya moto. Siku nilipokwenda nyumbani kwake kumsaidia kubeba kabati, niliona kwenye kisanduku cha umeme cha ukutani kipande cha shaba kinene kama njiti ya kiberiti mahali pa fyuzi.

"Fundi, hii?"

"Ya nyumbani naijua," alisema.

Sasa niungame langu. Maana halisi ya T na F niliipata mvua za mwaka ule zilipoanza, nikisoma kwenye simu maelezo ya mtengenezaji wa fyuzi, kwa Kifaransa, mara nne, ili nisikosee tena. Kisha, badala ya kwenda kumwambia, nilinyamaza. Nilijiambia ni heshima, kwamba mtu wa umri wake hasahihishwi na mtu wa umri wangu. Haikuwa heshima. Kila alipomwambia mteja "F ni ya FM", nilisikia kitu kitamu kifuani. Nilikuwa ninamhifadhi. Nilitaka siku moja aseme hivyo mbele ya mtu anayejua, na jina langu lihamie kwake.

Miezi ile nilitengeneza ulinzi wa kweli kwa kisanduku kama kile cha Kanyosha. Nilitumia transista mbili na rezista moja ya omu kumi ambayo umeme wote wa kisanduku ulipaswa kuipitia. Umeme ukifika miliampea sitini hivi, rezista inapata msukumo wa kutosha kuiamsha transista ya pili, na ya pili inaizima ya kwanza. Hakuna uzi wa kuungua, hakuna kitu cha kubadilisha. Inatenda kabla hujapepesa jicho. Transista nilizoanza nazo zilikuwa ndogo mno, zikapasuka kwa joto moja baada ya nyingine, hadi nikaweka yenye mgongo wa chuma. Niliunganisha waya makusudi, nikaachia, nikaunganisha tena, nikiandika kila jaribio. Nilipofika jaribio la themanini nilianza upya kwa sababu sikuwa na hakika kama la sitini na mbili nililiandika sawasawa.

Lakini saketi ile ya kwanza ilikuwa na kasoro, na kasoro hiyo haikuonwa na mimi. Niliifanya ikate kabisa. Ikihisi hatari, inazima na kubaki imezima hadi mtu abonyeze kitufe. Nilijivunia hilo. Nikamwonyesha Fundi, nikiwa bado na kinyongo, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumwonyesha. Alinusa, akaunganisha waya, kisanduku cha majaribio kikazima.

"Sasa kengele imenyamaza," alisema. "Muuguzi iko nyumbani. Nani atajua?"

"Itakuwa salama, haitaungua."

"Yenyewe salama. Na chanjo?" Akanirudishia. "Usikate. Punguza. Iache ipumue kidogo kidogo, mupaka waya iachane."

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikabadilisha saketi ili ibane umeme badala ya kuukata, na hitilafu ikiisha irudi yenyewe. Ilikuwa bora mara nyingi kuliko yangu. Maneno yale mawili ni yake. Transista, rezista, hesabu na majaribio ni vyangu, lakini maneno ni yake, na sitakubali mtu yeyote, hata mimi mwenyewe, ayafute.

Muuguzi aliletewa kisanduku kingine na wafadhili wake, akakileta kwetu kwa mashaka ili kiwekewe kinga. Fundi akaweka saketi yangu ndani, akafunga parafujo nne. "Mama, hii haiungui tena," alimwambia. "Nimeitengeneza kwa mukono yangu." Nilikuwa nimekaa umbali wa hatua moja, nimeshika bisibisi. Muuguzi aliniangalia, kisha akamwangalia Fundi na kusema, "Muzuri, Muzee. Lakini yule asiiguse."

Siku niliyokuwa ninaingojea ilikuja. Mwanafunzi wa chuo kikuu, anayekaa mtaa wa Mutanga Sud, alikuja kuchukua kipaza sauti chake na akaomba fyuzi ya akiba. Fundi akampa. "Hii ni F, ya FM. Usiweke T, T ni ya télé."

Kijana akacheka, si kwa ubaya. "Apana, Muzee. F ni ya haraka. T inachelewa."

"We unasoma wapi?"

"Campus, pale juu."

"Na wanawafundisha hivyo?"

Mwanafunzi akatoa simu, akatafuta, akampa. Fundi akavaa miwani, akasoma kwa muda mrefu, midomo ikisogea. Upande wa pili wa barabara mtengenezaji wa simu alikuwa ameacha kazi. "Fundi," aliita, "kwa hiyo Té ni nani sasa?" Watu wawili wakacheka.

Fundi akarudisha simu, akamshukuru kijana, akamsubiri aondoke. Kisha akanigeukia.

"We ulijua?"

"Nilijua."

"Toka lini?"

"Toka mvua za mwaka jana."

Alikunja kitambaa cha kufutia meza mara mbili, mara nne, hadi hakikukunjika tena. "Miezi yote hiyo," alisema, "ulikuwa unaniangalia tu."

Sikupata utamu nilioutarajia. Ningeweza kumwambia kwamba na yeye aliniangalia tu mbele ya muuguzi, na ndivyo nilivyokusudia kumwambia. Nilikuwa nimeliandika sentensi kwa sentensi kwenye daftari. Badala yake nilikusanya madaftari yangu. Wiki ile ile niliondoka Buyenzi.

Miaka mitatu imepita. Sasa nina kibanda changu Kanyosha, karibu na soko. Mwanzoni mwa mwaka huu nilisikia kwamba zahanati sita za huku kusini zimepata visanduku vya friji na zinatafuta mtu wa kuviwekea kinga kama ya kile cha pili cha muuguzi, ambacho hakijawahi kuharibika. Nikaenda kwa muuguzi. Alinitambua kabla sijamaliza salamu.

"Ile saketi ni mimi niliyeitengeneza, Mama."

"We? We ni yule aliyechoma."

"Ndiyo, ni mimi. Na ya pili pia ni mimi."

Hakukasirika. Alisema tu kwamba friji sita ni watoto wengi, na kwamba atasikia kutoka kwa Muzee mwenyewe. Muzee akisema ni yangu, kazi ni yangu. Asiposema, atatafuta mwingine mjini.

Fundi alikuwa amehamia mtaa wa Kinindo kwa binti yake anayefanya kazi na shirika moja la misaada, baada ya kupooza upande wa kulia. Mafuta ya magari yalikuwa hayapatikani wiki ile, nikatembea. Nilimkuta barazani, kofia nyeupe kichwani, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishikie. Hakukuwa na redio hata moja karibu naye. Binti akaleta chai, akamshikia kikombe anywe, nami nikaangalia maua.

"Umenenepa," alisema. Sikunenepa.

Nikamweleza niliyojia. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima: nisimlaumu, nisitaje mambo ya zamani, niombe sentensi moja. Alisikiliza akitikisa kichwa. "Mupigie," alisema. Binti akaweka simu mezani, sauti nje, nasi tukamsikia muuguzi akimpa pole za ugonjwa kwa kirefu kabla ya kuuliza.

"Muzee, niambie. Ile saketi ya kisanduku, nani aliitengeneza? Uyu kijana anasema ni yeye."

Fundi aliniangalia. Nina hakika aliniangalia.

"Mama, ni mi njo niliitengeneza," alisema. "Lakini uyu mutoto nilimufundisha vizuri. Anajua kuifanya kama mi. Mupe kazi. Mi nitaangalia kila moja."

"Kama utaangalia, Muzee, basi sawa. Mungu akuponye."

"Amina, Mama."

Binti akakata simu. Fundi alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa uso, upande uliobaki wake. "Umeona? Nimekupatia kazi."

"Fundi, ungesema ukweli."

"Ukweli ingekupatia kazi? Yeye anakumbuka moto. Jina yako iko na moto ndani. Yangu iko safi. Tumia yangu."

"Jina langu lina moto kwa sababu yako. Ni wewe uliyesema niweke T."

Binti yake aliinua macho, akamwangalia baba yake, kisha mimi. Nilifikiri sasa atasema. Angeweza hata kudai sehemu yake ya haki, yale maneno mawili aliyonipa siku ile, na ningenyamaza. Hakuyataja. Nadhani ameyasahau. Alikuwa amejipa saketi nzima na kupoteza kipande pekee kilichokuwa chake.

"Kunywa chai," alisema. "Itapoa."

Nikanywa.

Visanduku vyote sita nilivifunga mwenyewe. Kila nilipopeleka kimoja muuguzi aliuliza, "Muzee ameangalia?" na mimi nikajibu kwamba ameangalia. Hakuona hata kimoja. Nimesema uongo mara sita kwa sauti tulivu, nikitazamana naye, na sikuhisi chochote hadi nilipofika barabarani. Umeme umekatika na kurudi mara nyingi tangu hapo. Friji zote zinalindwa, kengele zinalia pale zinapotakiwa kulia. Muuguzi humpigia Fundi simu kumshukuru, naye hupokea shukrani hizo. Mimi, tangu chai ile, sijarudi Kinindo kumsalimu.